Tulinde Macho ya Watoto Wetu Majini

Nani kati yetu, wakaaji wa mwambao wa Tanganyika na wa Kivu, asiyeijua furaha ya watoto siku ya jua kali? Huko Kalemie, Uvira au Bukavu, kazi za nyumbani zikiisha, mara wamekwisha kujitupa majini. Nasi hatuwakatazi, maadamu yupo mtu mzima wa kuwaangalia, kwani kuogelea hunyosha viungo na kuchangamsha moyo. Lakini jioni mtoto hurudi na macho mekundu, akiyafikicha kwa ngumi. Mama husema: « Ni maji tu, kesho yatapona. » Mara nyingi hupona kweli. Mara nyingine, wazazi wapendwa, hayaponi. Na leo twataka kuwaelezeni sababu.

Mwenyezi Mungu amelifunika jicho kwa machozi, hata wakati tusipolia. Machozi hayo hulainisha jicho, huosha vumbi na kupigana na vijidudu. Tena yana chumvi, karibu gramu 9 katika lita moja. Maji ya maziwa yetu hayana chumvi kiasi hicho. Basi mtu akifumbua macho majini kwa muda mrefu, machozi yake huoshwa, na maji hupenya kidogo kidogo katika kioo cha jicho, yaani ile ngozi nyembamba na angavu iliyo mbele ya mboni. Kioo hicho huvimba kidogo na kukwaruzika upesi. Mtoto akifikicha macho yenye mchanga, huwafungulia vijidudu mlango.

Mijini wengine huogelea katika pisini, ambamo hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Wengi hudhani kwamba harufu kali ya pisini ni dalili ya usafi. Sivyo. Harufu ile hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji, na mchanganyiko huo ndio hasa unaochoma macho. Kwa hiyo kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, na kutokojoa majini, si adabu tu, bali ni kumpenda jirani.

Kinga iliyo bora ni miwani ya kuogelea. Mwaka 1926, Gertrude Ederle wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, aliiziba miwani yake kwa nta ili maji yasiingie. Siku hizi miwani hiyo ina kingo laini zinazoshika usoni. Kwa sababu mbele ya jicho hubaki hewa, mtoto huona vema, naye huweza kuliepa jiwe kabla ya kuligonga. Wakati wa kuivua isivutwe mbele, maana mkanda wake waweza kuirudisha kwa nguvu na kulijeruhi jicho. Isukumwe juu kwenye paji la uso.

Wavaao lenzi juu ya jicho lenyewe wazivue kabla ya kuogelea. Majini hukaa kijidudu kiitwacho akantameba, ambacho huweza kujificha chini ya lenzi, kikala kioo cha jicho na kuleta upofu.

Na asiye na fedha za miwani? Afumbe macho anapozama, asiyafikiche, na akitoka anawe uso kwa maji safi. Kila mtoto awe na taulo lake. Mwenye macho yatokayo usaha abaki nyumbani, asije akawaambukiza wenzake.

Liko jambo moja linalotuhuzunisha, nasi twalisema wazi. Kuna nyumba ambamo jicho linalouma hutiwa maji ya majani, au mkojo, au dawa iliyobaki kwa jirani. Jicho ambalo pengine lingepona huharibika kwa tiba hiyo. Mtoto akisikia maumivu makali, akiogopa mwanga, akiona kwa shida, au doa jeupe likitokea juu ya jicho, mpelekeni kwa mganga siku ile ile. Msingoje Jumapili ipite. Kidonda cha kioo cha jicho hakina subira. Kikicheleweshwa huacha kovu, na kovu hilo ni ukungu wa maisha yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa jicho ni nani kati yetu awezaye kuujenga?

Katika Injili ya Yohane twasoma jinsi Bwana Yezu alivyomtuma kipofu kwenda kunawa katika birika la Siloe, naye akarudi akiona. Watoto wetu huingia majini wakiwa wanaona. Ni kazi yetu sisi, wababa na wamama, watoke wakiwa wanaona vile vile.