Je, Wajua? Kuku, Mbaazi na Baridi ya Julai Machakos

Sogea karibu, funga koti, tuongee. Julai imeushika mji wa Machakos, vilima vya Iveti vimejifunika ukungu hadi saa nne asubuhi, na wewe unadhani uani kwako hakuna jipya ila baridi. Ngoja usikie!

Je, wajua kwamba mapema Julai, sisi tukitetemeka, dunia nzima huwa mbali na jua kuliko siku nyingine zote za mwaka? Umbali hufika kilomita milioni 152, ilhali mapema Januari huwa milioni 147. Lakini umbali huo usiulaumu. Baridi yetu inaletwa na pepo za kusini-mashariki zinazosukuma mawingu kutoka Bahari ya Hindi, na yakifika huku juu, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, yanatanda mbele ya jua kama pazia. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi.

Sasa tia mkono chini ya bawa la kuku wako. Nyuzi 41! Wewe ukifika nyuzi 41 utakimbizwa hospitalini. Kwa kuku hiyo ndiyo afya yake ya kila siku. Na moyo wake unapiga zaidi ya mara 250 kwa dakika hata akiwa ametulia.

Anaulindaje moto huo? Anajifutua manyoya, na hewa inayonaswa katikati yake ndiyo blanketi lenyewe. Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja asubuhi ya manyunyu, usidhani ameumia: anaupasha moto ule mwingine tumboni.

Yule kuku wa shingo uchi je? Jeni moja tu ndiyo iliyomvua manyoya ya shingo, na inampunguzia manyoya mwilini pia. Kwenye joto la Masinga au Yatta anastarehe kuliko wenzake, lakini huku kwenye vilima mtafutie kona isiyopigwa na upepo.

Haya, wajua kifaranga wa siku moja anahitaji joto kiasi gani? Nyuzi 32 hadi 35 wiki yake ya kwanza! Kukiwa na nyuzi 12 nje, anakuhitaji wewe umzibie pengo la nyuzi 20 na zaidi. Kila wiki unapunguza nyuzi 3 hivi hadi manyoya yatokeze. Wala huhitaji kipimajoto: wakirundikana katikati wakilia kwa nguvu, wanaona baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi, umewachoma, wakitawanyika wakidonoa na kusinzia, umepatia. Usiku wa manane ndipo hatari ilipo, maana wakirundikana hupandana, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi, si kwa baridi.

Wengi wetu tunatumia jiko la makaa. Ni sawa, lakini je, wajua kwamba makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua vifaranga wote, na hata wewe ukilala humo? Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, si chini wanapolala. Nakusihi, hili usilipuuze.

Na kuna njia isiyotumia hata kipande kimoja cha kaa! Chukua sanduku la mbao, lijaze nyasi kavu, acha shimo katikati kama kiota, halafu ufunike juu kwa gunia jepesi linalopitisha hewa. Vifaranga wanaingia wenyewe wakihisi baridi, na joto la miili yao linabaki mle mle. Huko Ethiopia wafugaji wamelea maelfu ya vifaranga kwa sanduku la aina hii.

Umewahi kujiuliza vifaranga wanasafirije kutoka kiwandani hadi duka la agrovet bila chakula? Jibu liko tumboni: kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta kiini kilichobaki kikaingia mwilini, na kiini hicho humtosha siku mbili hadi tatu. Ni pamba za safari alizofungiwa na mama yake!

Tena huanza kuongea kabla ya kuzaliwa. Siku ya 20 ukiweka yai sikioni utasikia akilia ndani ya ganda, na tetea aliyelala juu yake humjibu. Siku ya 21 wanaonana uso kwa uso.

Je, wajua kwamba yai moja huchukua saa 25 hivi kutengenezwa, na kama saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake? Ndiyo maana kuku anayetaga leo saa mbili hutaga kesho saa tatu, halafu saa nne, mpaka siku moja anapumzika kabisa. Usimkasirikie, saa yake ni ndefu kuliko yetu. Ganda lenyewe lina vitundu vya kupitisha hewa zaidi ya 7,000, na limetengenezwa karibu lote kwa kitu kilekile kilicho ndani ya mawe ya chokaa yanayosagwa katika viwanda vya simiti vya Athi River, hapa hapa kaunti yetu. Chakula kikikosa chokaa ya kutosha, tetea huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Basi maganda ya mayai usiyatupe: yakaushe, yasage, umrudishie.

Huko Ulaya kuku wengi wa uani huacha kutaga msimu wa baridi, na kinachowakatiza si baridi bali giza, kwa sababu mchana wao unafupika mno. Wewe una bahati ambayo hujaihesabu! Machakos iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki robo saa. Kwa nini basi trei hujaa polepole Julai? Kwa sababu kuku anachoma chakula kingi kujipasha moto. Mwongezee konzi ya mahindi jioni kabla hajapanda kulala, na uone.

Akilala, hulala nusu! Kuku anaweza kufumba jicho moja na kupumzisha upande mmoja wa ubongo, huku upande wa pili ukilinda dhidi ya kicheche.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kuku milioni 31.8 nchini Kenya, na zaidi ya milioni 25 kati yao walikuwa wa kienyeji. Duniani kote kuna kuku zaidi ya bilioni 20 wakati wowote ule. Na wote hao babu yao ni ndege wa msituni wa kusini-mashariki mwa Asia. Mifupa ya zamani zaidi inayokubaliwa kuwa ya kuku wa kufugwa ilipatikana Thailand, na ina miaka zaidi ya 3,200. Watafiti walioichunguza wanasema kuku walijileta wenyewe, wakifuata mpunga wa wakulima. Nafaka ndiyo iliyowavuta kwetu, na hata leo tikisa tu debe la mahindi uone!

Kuku hakojoi, ulijua hilo? Ule weupe juu ya kinyesi chake ndio mkojo, umekaushwa kabla ya kutoka. Ndiyo sababu samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na ndiyo sababu ukiimwaga mbichi kwenye sukuma inaunguza mizizi. Irundike pamoja na nyasi na majani makavu, inyunyizie maji, ifunike. Ndani ya siku chache rundo hilo litapanda hadi nyuzi 60, katikati ya baridi hii hii! Chomeka fimbo ndani, iache kidogo, ichomoe uishike. Mimi kila nikiishika hushangaa upya.

Twende kwenye mboga. Sukuma wiki, kabeji, koliflawa na brokoli: wajua hizo ni mmea mmoja? Wakulima wa kale walichagua mwingine kwa majani, mwingine kwa kichwa, mwingine kwa maua, hadi tukadhani ni ukoo tofauti.

Na wale vidukari wa kijivu chini ya majani ya sukuma, wanaojaa kukiwa na ubaridi bila mvua? Jike huzaa bila dume, na mtoto wake huzaliwa tayari ana watoto tumboni. Bibi, mama na mjukuu ndani ya mwili mmoja! Ukiona yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, usimguse: anaweza kula vidukari 50 kwa siku.

Nyanya na viazi viangalie kwa jicho kali. Ukungu unaochoma majani yake hupenda hali ya sasa hasa, ubaridi pamoja na umande. Ni ugonjwa huohuo ulioanza kuharibu viazi vya Ayalandi mwaka 1845, njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Mwagilia asubuhi, mimina kwenye shina, majani uyaache makavu.

Sasa nifike kwenye kipenzi changu: mbaazi. Nzuu, kwa Kikamba. Umeshawahi kushangaa kwa nini mbaazi za kienyeji tunazipanda Oktoba, mahindi yanavunwa, maharagwe yanavunwa, nazo zimesimama tu kama hazina habari? Zinangoja baridi! Watafiti waliozichunguza hapa Kenya waligundua kwamba mbaazi za muda mrefu huchanua vizuri hewa ikiwa na ubaridi wa nyuzi 18 hivi, na ukizipeleka kwenye joto la nyanda za chini zinachelewa kuchanua. Baridi unayoilalamikia ndiyo inayokupikia mbaazi mbichi za kuchanganya na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, Julai na Agosti. Mizizi yake hushuka hadi mita 2 ardhini, na hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyonaswa na chuma kwenye udongo mwekundu, siri iliyochapishwa na wanasayansi mwaka 1990. Bibi zetu walikuwa wakizipanda kitambo.

Na udongo huo mwekundu una hadithi yake. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika Machakos kama mfano wa ardhi iliyokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuchukua ng'ombe wa watu kwa kisingizio hicho, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Akahamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini leo barabara katikati ya Nairobi ina jina lake. Watu wa wilaya ya zamani ya Machakos wakaongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 mwaka 1990. Ungetarajia udongo uishe, sivyo? Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kinyume: watu walizidi, mmomonyoko ukapungua! Walichimba matuta kwa mwethya, yaani kusaidiana kwa zamu, nyumba hii leo, ile kesho.

Tena tuta lenyewe, lile la kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, linaitwa fanya juu. Fungua kitabu cha Kiingereza cha kuhifadhi udongo, hata cha ng'ambo: limeandikwa hivyo hivyo, fanya juu. Kiswahili chetu kimefika huko kwa jembe!

Maji ya bustani kiangazi hiki cha baridi utayatoa wapi? Mchangani. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe unaokatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na hadi asilimia 40 ya rundo hilo inaweza kuwa maji. Jua haliyanyonyi kwa urahisi, na mbu hawana pa kutaga. Hakuna sehemu inayojulikana kwa mabwawa haya kama Ukambani.

La mwisho, na hili ulishike. Ugonjwa wa Newcastle, au kideri, ulipewa jina la mji wa Uingereza ulikogunduliwa mwaka 1926, na unaweza kufagia boma zima la kuku kwa siku chache. Hauna dawa. Una chanjo, na taasisi ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, huitengeneza papa hapa Kenya: tone moja kwenye jicho, halafu unarudia kila baada ya miezi 3 hivi. Chupa ya kawaida hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haidumu ila saa chache. Wewe una kuku 10, jirani ana 15, yule wa ng'ambo ya mto ana 30. Waite wote Jumamosi hii alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, mchange pesa ya chupa moja, mchanje boma moja baada ya jingine.