Kwa Nini Shati Moja Lina Bei Nyingi: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliifuata safari ya shati tangu konde la pamba hata cherehani, tukabainisha kwamba ujira wa mshonaji ni sehemu ndogo mno ya fedha anazotoa mnunuzi. Leo, kama tulivyoahidi, tunalishika suala ambalo Waswahili wanaokaa Washington na viunga vyake vya Maryland na Virginia huulizana kila warudipo safarini, nalo ni hili: kwa nini shati lile lile, la kampuni ile ile, lenye rangi na mshono ule ule, liuzwe kwa bei moja katika jumba la maduka la Tysons Corner, kwa bei nyingine Madrid, na kwa bei ya tatu kwingineko, ilhali aliyelifuma na aliyelishona ni watu wale wale?

Jawabu linalotangulia midomoni mwa watu ni kodi. Basi tuitie mizanini. Tuseme shati lina kibandiko cha dola 39.90 huko Tysons; mnunuzi akifika kwa keshia ataambiwa atoe dola 42.29, maana desturi ya Marekani ni kuandika bei isiyo na kodi, kisha ile kodi ya mauzo ya Virginia ya Kaskazini, ambayo ni asilimia 6, huongezwa wakati wa kulipa. Maryland nako ni asilimia 6, isipokuwa juma moja la mwezi wa Agosti ambapo nguo na viatu visivyozidi dola 100 husamehewa. Hispania mambo ni kinyume: kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 21, imekwisha kutiwa ndani ya bei, hata shati lililoandikwa euro 29.95 humwachia mwenye duka euro 24.75 tu. Anayelinganisha vibandiko hivyo viwili, kwa hiyo, analinganisha visivyolingana. Na akishaitoa kodi pande zote mbili ataona kwamba tofauti, badala ya kupungua, imezidi kupanuka, kwa kuwa serikali inayotoza zaidi ndiyo ile ambayo kwake shati ni rahisi. Kodi ya dukani haina hatia katika shauri hili.

Ama ushuru wa forodha, huo una hatia, walakini si ile ambayo wengi huudhania. Ushuru hautozwi juu ya bei ya dukani. Hutozwa juu ya thamani ya mzigo unapoingia nchini. Shati la kiume la pamba, katika daftari la ushuru linalotolewa na Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, ambayo makao yake yapo papa hapa Washington, hutozwa asilimia 19.7, mbali na nyongeza zilizotangazwa tangu mwaka 2025. Kwa hiyo shati lililoingia kwa thamani ya dola 10 hulipiwa chini kidogo ya dola 2, na dola 2 haziwezi kuieleza tofauti ya dola 10 au zaidi.

Lakini mtu akilifunua daftari hilo na kulisoma kwa makini, atakuta jambo la kuhuzunisha kuliko hiyo tofauti yenyewe. Sweta ya kashmiri, vazi la matajiri, hutozwa asilimia 4; sweta ya sufu ya kondoo, asilimia 16; na sweta ya akriliki, ambayo ndiyo anayojifunika mfagiaji wa ofisi na mlinzi wa usiku wakati wa baridi ya Januari, hutozwa asilimia 32. Tujikumbushe kwamba mkataba uliofungwa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, uliwawekea wafanyabiashara wa Kimarekani ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha Unguja, nazo nyingi zilikuwa majora ya pamba. Aliyependa mlango mwepesi kiasi hicho alipokuwa muuzaji, leo akiwa mnunuzi ameufanya mzito, na uzito wenyewe amewabebesha wanyonge wake.

Nauli tuipitie upesi. Shati lililokuja ndani ya kontena pamoja na maelfu ya wenzake hugharimu kidogo mno. Bali Zara, ambayo kampuni mama yake, Inditex, ina makao Arteixo katika Galicia, hurusha nguo zake kwa ndege kwenda Amerika na kuyaletea maduka yake bidhaa mpya mara mbili kwa juma, na hilo huongeza gharama, ijapokuwa si kwa kiasi cha kuridhisha akili.

Pango la duka na mishahara vina uzito zaidi. Shati halijiuzi lenyewe: hukunjwa, hupangwa, hulindwa, na huhesabiwa na watu wanaokula na kulala mahali pale pale linapouzwa, na hapa kwetu maisha ni ghali: mfanyakazi wa Maryland, tangu Januari 2024, hawezi kisheria kulipwa chini ya dola 15 kwa saa. Bela Balassa, mwanachuoni aliyefundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore na kuishauri Benki ya Dunia hapa Washington, alieleza mwaka 1964 kwamba katika nchi zenye mapato makubwa kazi za huduma huwa ghali, hata pale ambapo bidhaa za viwandani zinakaribiana bei na za nchi maskini. Hoja yake ingali na nguvu, nasi twaikubali. Hata hivyo haitoshi, kwa sababu kama ingekuwa yote ni gharama, bei zisingebadilika siku ambayo gharama hazikubadilika.

Na siku kama hiyo imewahi kutokea. Latvia iliingia katika sarafu ya euro Januari 2014. Kabla ya hapo sarafu yake, lats, ilikuwa imefungamanishwa na euro kwa miaka kadhaa, hata kubadilisha fedha hakukuwa na hatari wala mashaka. Wataalamu watatu, Alberto Cavallo, Brent Neiman na Roberto Rigobon, walizifuatilia bei za Zara huko, wakaona kwamba nguo zilizokuwa na bei karibu sawa kati ya Latvia na Ujerumani zilikuwa asilimia 6 tu, na baada ya kuingia euro idadi hiyo ikapanda hata asilimia 89. Pango, mishahara na njia za ndege havikubadilika kwa kiasi cha kulieleza hilo. Kilichobadilika ni kwamba watu wa nchi mbili sasa walisoma bei kwa sarafu moja, na tofauti iliyokuwa imejificha katika hesabu ya kubadilisha fedha ikawa wazi kwa kila mwenye macho.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Bei ya duka la kampuni yenye matawi duniani kote ni uamuzi. Mfanyabiashara wa Kariakoo humtazama mnunuzi, akapima uwezo na haja yake, ndipo ataje bei, na mnunuzi naye hupata nafasi ya kuishusha. Kampuni kubwa hufanya upimaji ule ule, ila hulipima taifa zima kwa pamoja, na aliye mbele ya keshia hana wa kupatana naye.

Msomaji atauliza: mbona asitokee mwerevu akanunua panapo rahisi na kuuza panapo ghali, hata bei zikalingana? Walitokea. Maduka ya Tesco ya Uingereza yalijipatia suruali za jinzi za Levi's, halisi kabisa, kutoka nje ya Ulaya, Marekani ikiwamo, yakaziuza kwa bei nafuu kuliko wauzaji walioidhinishwa. Levi Strauss ikaenda mahakamani. Na tarehe 20 Novemba 2001 Mahakama ya Haki ya Ulaya, huko Luxembourg, ikaamua kwamba mwenye alama ya biashara anaweza kuzuia bidhaa zake mwenyewe zisiuzwe Ulaya ikiwa hakuridhia ziingie huko, na kwamba kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa ni kuridhia. Hapakuwa na udanganyifu wala bidhaa bandia. Suruali zilikuwa zile zile, na kosa lilikuwa ni kuvuka mpaka.

Mahakama Kuu ya Marekani, hapa Washington, iliifuata njia nyingine. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand, aliwaomba jamaa zake wamnunulie vitabu vya masomo kwao, vilivyokuwa rahisi, naye akaviuza Marekani; mchapishaji, John Wiley, akamshitaki. Tarehe 19 Machi 2013 majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba kitabu kikishauzwa kwa halali popote duniani, mwenye haki ya kunakili hana tena amri juu ya kuuzwa kwake. Insafu yataka tuseme kwamba hukumu hiyo inahusu haki ya kunakili, wala si alama za biashara zinazotawala nguo. Ila kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu, kwani mpaka uliowekwa kwa ajili ya usalama wa raia haufai kugeuzwa ukuta wa kulinda faida.

Jamaa zetu wanaojaza masanduku kwa nguo za punguzo za Potomac Mills kabla ya kupanda ndege Dulles wanafanya, kwa kadiri ya mikono yao, kazi ile ile ya Kirtsaeng, na wanajua kwa nini: Afrika Mashariki, tangu Julai 2022, imeweka daraja la ushuru la asilimia 35 linalogusa nguo, juu yake ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara. Lakini sanduku la kilo 23 haliwezi kuitengeneza bei ya taifa.

Yawezekanayo ni haya. Ushuru wa sweta ya akriliki umo mikononi mwa Bunge la Marekani, na wengi wetu tuliokwisha kuwa raia tunapiga kura Maryland na Virginia, ambako kila mmoja ana mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi na maseneta wawili. Tunawasihi wasomaji wetu wawaandikie, kwa barua fupi yenye namba hizi mbili, 4 na 32, wakidai kwamba vazi la maskini lisitozwe mara nane ya vazi la tajiri. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itahusu mitumba.