Kwa Nini Kidonge cha Sida Hakina Siku ya Mwisho

Watu wanaotumia dawa za sida, Sandoa kama Kolwezi, huuliza swali moja ambalo ni haki yao kuuliza: nimemeza vidonge mwaka mzima, mwili umerudi, maabara inasema virusi havionekani tena, sasa nitaacha lini? Kumjibu mtu huyo "usiache" na kumwita anayefuata kwenye foleni ni kumdharau. Sababu ipo, imejificha ndani ya chembe za damu, na anayeielewa hahitaji kutishwa ili ameze dawa yake.

Kirusi hakina uwezo wa kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe hai na kuitumikisha. Kirusi cha sida kina jeni 9 tu, zilizoandikwa kwa herufi zipatazo 10,000, wakati binadamu ana jeni karibu 20,000. Juu ya ganda lake vimesimama vishina vya protini, kwa wastani 14 hivi. Kishina hushika protini iitwayo CD4 iliyo juu ya chembe nyeupe za aina fulani, kisha hushika ya pili, mara nyingi ile ya CCR5, na hapo ganda la kirusi huungana na utando wa chembe. Mzigo wake ukaingia.

Msiba wenyewe uko katika chembe hizo za CD4. Ndizo zinazoratibu ulinzi wote: huziamsha chembe zinazotengeneza kingamwili, na huzipa nguvu chembe zinazoua wenzao walioambukizwa. Mafua hushambulia pua, koo na mapafu, na kinga hubaki na nafasi ya kujipanga. Sida huanza na mpangaji.

Ndani ya chembe, kirusi hugeuza maandishi yake ya RNA kuwa DNA, kisha kimeng'enya chake huipachika DNA hiyo katikati ya DNA ya mgonjwa. Kuanzia hapo chembe haiwezi kutofautisha maagizo yake na ya mvamizi. Na kazi ya kunakili hufanywa ovyo: takriban nakala moja katika kila tatu hutoka na kosa jipya. Kwa mtu asiyetumia dawa, mwili hutoa virusi kama bilioni 10 kila siku. Makosa mengi hukiua kirusi chenyewe, lakini machache hubadili sura ya vishina vyake kiasi kwamba kingamwili haivitambui tena. Kingamwili za mgonjwa huweza kuzuia virusi alivyokuwa navyo miezi kadhaa iliyopita, huku vya leo vikiwa vimeshatangulia.

Vishina hivyo tena vimefunikwa sukari, karibu nusu ya uzito wa sehemu yao ya nje, na sukari hiyo imetengenezwa na mwili wetu wenyewe, hivyo kinga huiona kama ya nyumbani. Mbinu inayonishangaza zaidi ni ya protini iitwayo Nef. Kila chembe huonyesha juu yake vipande vya yaliyomo ndani, ili chembe za kinga zikague. Nef huviondoa vionyeshi vya aina A na B, ambavyo wakaguzi hao huvitegemea zaidi, lakini kwa kawaida huiacha aina C, kwa sababu kuna chembe nyingine za kinga ambazo huua papo hapo chembe yoyote isiyoonyesha kitu.

Si kila kirusi hufanya hivyo. Surua, iliyoua watu zaidi ya 6,000 nchini Congo katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, wengi wao watoto, haibadili sura, na ndiyo maana chanjo yake bado inafanya kazi. Surua hufuta kumbukumbu. Huingia katika chembe zinazokumbuka magonjwa yaliyopita. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliougua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mama anayepeleka mtoto kuchanjwa surua anamlinda pia na nimonia ya miezi ijayo.

Makosa ya kunakili yamewapa wanasayansi kalenda. Kwa kuhesabu tofauti kati ya virusi vya miji mbalimbali, pamoja na sampuli za Kinshasa za mwaka 1959 na 1960, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba janga lilianzia Kinshasa karibu mwaka 1920 na kufika Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930. Njia ilikuwa tayari: reli ya kutoka Ilebo hadi Katanga ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1931 tawi la Dilolo, lile linalopita Kasaji ambako watu wa Sandoa hupandia treni, liliunganishwa na Angola. Wafanyakazi wa migodi walisafiri, na virusi vikasafiri nao kwa miongo kadhaa kabla ugonjwa haujapewa jina. Watafiti wanadhani aina ya kirusi iitwayo C, iliyotapakaa kusini mwa Afrika, ilitokea migodi hii yetu. Nayasema haya kwa sababu bado wapo wanaoiona sida kama adhabu au uchawi. Ilikuja kwa treni, kama chumvi na vitambaa.

Sasa turudi kwa anayeuliza ataacha lini. Baadhi ya chembe za CD4 zilizoambukizwa hazifi. Hugeuka kuwa chembe za kumbukumbu, zikalala, na DNA ya kirusi ikalala ndani yake bila kutoa protini hata moja. Hakuna cha kuonyesha, basi kinga haina cha kushambulia. Dawa za tenofovir na lamivudine huzuia RNA kugeuzwa DNA; dolutegravir huzuia upachikaji. Zote hulinda chembe ambazo bado ni nzima. DNA iliyokwisha kupachikwa haziifikii. Ni makaa ya moto chini ya majivu: sufuria imepoa, lakini moto haujazimika.

Timu ya mtafiti Robert Siliciano wa Baltimore, Marekani, ilipima mwaka 2003 kasi ya kupungua kwa hifadhi hiyo ya siri. Nusu yake huhitaji miezi 44 kutoweka, na kuimaliza yote kungechukua zaidi ya miaka 70 ya dawa bila kukosa. Kwa walio wengi wanaoacha, virusi huonekana tena katika wiki mbili hadi nne. Anayeendelea, naye virusi vyake havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, na hilo linastahili kusemwa kwa sauti kanisani na sokoni.

Kuna watu wachache ambao miili yao huvidhibiti virusi bila dawa. Nchini Congo, katika sampuli za kati ya 1987 na 2019, walipatikana kuwa asilimia 2.7 hadi 4.3 ya wenye virusi, kiwango kikubwa kuliko kwingi duniani, na watafiti wanawachunguza kwa matumaini. Mtu hawezi kujijua kuwa mmoja wao kwa kujisikia vizuri.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wanaoondoka kwenda kuchimba Kolwezi na kukaa huko msimu mzima, wakiacha kadi zao za kliniki nyumbani kwa kuogopa wenzao. Kabla ya safari, mwombe muuguzi dawa za miezi mitatu au zaidi pamoja na barua ya uhamisho. Vidonge vibaki ndani ya chupa yake ya asili, mfuniko ukiwa umefungwa vizuri ili unyevu usiingie, wala visihamishiwe katika kikopo kingine.