Bodi ya Kuendeshea Mashine ya Kuuzia Maziwa

Chama kinachokusudia kununua mashine ya kuuzia maziwa, inayopeleka hesabu zake ofisini kwa njia ya simu, hakina budi kuuliza kwanza: ndani yake mna bodi gani? Bodi hiyo ndiyo karani wa mashine. Hupokea taarifa za malipo, huamuru pampu, huhesabu lita na kuandika mauzo.

Bodi za bei nafuu ni za namna mbili. Ya kwanza ni kompyuta ndogo kamili, kama Raspberry Pi iliyotoka Uingereza mwaka 2012. Kwa kawaida programu na kumbukumbu zake hukaa katika kadi ndogo, na umeme ukikatika ghafula kadi hiyo huweza kuharibika. Ya pili ni maikrokontrola, kama ESP32 ya China iliyotoka mwaka 2016. Hii ni rahisi zaidi kwa bei, hula umeme kidogo, na huanza kazi mara umeme urudipo. Ila huhitaji kuongezewa modemu ya simu.

Kwa kazi ya kupima na kuhesabu, maikrokontrola yatosha. Lakini ESP32 hutumia volti 3.3, pampu ya volti 12 isiungwe nayo moja kwa moja, bali kwa kupitia rilei.

Kabla ya kulipa, kamati na iijaribu mashine: izime umeme katikati ya mauzo, kisha ikate mtandao. Hesabu ikipotea, hata ya lita moja, mashine isinunuliwe, kwani lita hiyo ni mali ya wanachama.