Walikimbia pamoja, wakawa watu wawili: jinsi wanaotuzunguka wanavyotujenga

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walivuka mpaka kuingia Tanzania, wakikimbia mauaji ya Wahutu yaliyoendeshwa na jeshi la nchi yao. Wengi walipelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba na Ulyankulu, na miaka michache baadaye Mishamo, eneo ambalo leo liko mkoani Katavi. Wengine hawakufika huko. Walijipenyeza Kigoma mjini na Ujiji, wakapanga vyumba, wakatafuta vibarua na biashara ndogondogo, wakaoa na kuolewa.

Katikati ya miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na makundi yote mawili, akitaka kujua jinsi kila moja linavyojieleza. Majibu aliyoyapata yalipishana sana.

Kule Mishamo watu walijitaja kwanza kuwa Wahutu na wakimbizi. Ukimbizi haukuwa aibu kwao. Walijiona taifa lililoko uhamishoni, linalosubiri kurejea kwao. Masimulizi yao ya historia yalifanana kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine. Mjini Kigoma, kinyume chake, jina la mkimbizi lilikwepwa. Kwa kuwa Kirundi na Kiha, lugha ya Waha ambao ni wenyeji wa Kigoma, vinaelewana, mtu aliweza kupita kama Muha leo, kesho akajitambulisha kwa dini yake au kwa mtaa anaoishi, kutegemea yuko na nani. Malkki alichapisha matokeo hayo kitabuni mwaka 1995.

Nchi waliyotoka ni moja, na balaa lililowakimbiza ni moja. Tofauti ilikuwa katika maisha ya kila siku. Mkazi wa Mishamo aliishi na wakimbizi wenzake, alihitaji kibali ili atoke, na kila ofisa aliyekutana naye alimhesabu kuwa mkimbizi. Wa Kigoma alipakana na Muha upande huu na Mmanyema upande ule, akauziana nao samaki, akazikana nao.

Ujiji ilikuwa na uzoefu huo wa kuchanganya watu tangu zamani. Katika karne ya 19, mji huo wa biashara ya pembe za ndovu na watumwa ulipokea watu wengi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baadhi waliletwa utumwani. Kwa kuishi na wafanyabiashara wa pwani, wengi walisilimu, wakashika Kiswahili, na wajukuu wao wakawa wenyeji kamili wa mji.

Sayansi imelizungumzia jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1902, mwanasosholojia Mmarekani Charles Horton Cooley alieleza kwamba mtu hujitazama kupitia wengine kama anavyojitazama kwenye kioo: huwaza jinsi anavyoonekana kwao, huwaza wanavyomhukumu, kisha huona fahari au haya. Mwenzake George Herbert Mead aliongeza kwamba mtoto hujifunza kuwa yeye ni nani anapoigiza nafasi za wengine, akiwa mama, mwalimu au muuza duka katika michezo yake.

Ushahidi mmoja wa ajabu umetoka kwa sokwe, ndugu wa wale wanaoishi Gombe, kaskazini mwa Kigoma, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Miaka kumi baadaye, huko Marekani, mwanasaikolojia Gordon Gallup aliwapaka sokwe wa maabara rangi usoni wakiwa wamelala kwa dawa. Walipoamka na kujiona kwenye kioo, waligusa alama zile kwenye nyuso zao wenyewe, ishara kwamba walijitambua. Sokwe waliolelewa peke yao, mbali na wenzao, hawakuonyesha dalili hiyo. Waliojaribiwa walikuwa wachache, lakini matokeo yanadokeza kwamba kujijua hakuji kwa kuzaliwa tu.

Ubongo wa binadamu nao una la kusema. Mwaka 2007, watafiti wa China waliwapima watu kwa mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakiwauliza maswali kuhusu wao wenyewe na kuhusu mama zao. Kwa Wachina, sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kati, iliamka katika maswali yote mawili. Kwa washiriki wa nchi za Magharibi, iliamka zaidi walipojifikiria wenyewe. Malezi ya kujiona sehemu ya wengine yanaonekana kuacha alama hata ndani ya kichwa.

Kwa afya, uzito wa kuwa na wengine si mdogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, hali inayohusishwa na sonona, kiharusi na magonjwa ya moyo.

Serikali ya Tanzania nayo ililigusa suala la nani anaishi na nani ilipoamua kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 wa kundi la mwaka 1972. Mpango wa awali uliwataka waondoke kwenye makazi yao na kusambazwa mikoa mingine, ili wachanganyike na Watanzania wenzao. Wengi walisita kuacha mashamba na majirani wa karibu miaka 40. Uhamisho ukasitishwa, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa bila sharti la kuhama.