Kaseti ya Mchezo na Jasho la Mtunzi

Mkulima wa Ibighi, wilayani Rungwe, aishiye kwa chai na ndizi, hana fedha ya kutupa. Vivyo hivyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Basi kijana aombapo kaseti ya kujaziwa michezo kwa mashine yake ya mkononi, tusinunue kwa pupa.

Kwanza, tuijue mashine. Nintendo DS ya mwaka 2004 ina matundu mawili, na la pili hupokea kaseti za Game Boy Advance. DSi ya mwaka 2008 haina tundu hilo. Kaseti isiyoingia ni hasara tupu.

Pili, tuipime kadi ya kumbukumbu. Kaseti za R4 za awali hazipokei kadi izidiyo gigabaiti 2. Aidha, zipo kadi bandia zenye tarakimu kubwa na nafasi ndogo. Ijazwe yote na isomwe mbele ya muuzaji.

Tatu, nalo ndilo kubwa: tutajaza nini? Mchezo aliobuni kijana ni jasho lake. Ulionakiliwa bila idhini ni jasho la mwingine. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Uingereza iliwahukumu wauzaji wa kaseti hizo. Sheria zetu za hakimiliki, ya Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003, humlinda pia mtunzi wa taarabu.

Maofisa wa forodha na biashara wazikague bidhaa hizi. Nasi tudaio taarabu yetu isiibwe, tusiibe mchezo wa Mjapani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.