Mkondo wa chembe si moto

Katika mitaa ya Kaloleni, Jericho na Umoja, watu wanapozungumza juu ya tiba ya saratani kwa mionzi, kitenzi kinachosikika aghalabu ni 'kuchomwa'. Fulani ameanza kuchomwa. Fulani amekataa kuchomwa. Kitenzi hicho hakikuzuka bure, kwani ngozi ya mgonjwa huweza kuiva ikawa nyeusi. Hata hivyo, neno hubeba picha, na mbele ya picha ya moto si ajabu mtu akajifungia nyumbani na uvimbe wake.

Hebu tuitazame mashine yenyewe, ambayo nitaiita kichapuzi. Hospitali ya Hammersmith jijini London ilianza kutibu wagonjwa kwayo mwaka 1953. Leo ipo Nairobi pia, ikiwemo katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 2019. Ndani yake elektroni husukumwa na mawimbi katika bomba lisilo na hewa, hata zikaukaribia mwendo wa nuru. Kisha hugonga bamba la tungsteni, na hapo huzaliwa eksirei zinazoingia mwilini.

Waingereza huliita kundi hilo la elektroni kwa neno lile lile wanaloitia mti wa dari, na mfasiri mvivu angeandika 'boriti'. Lakini boriti hukatwa mikokoni huko Lamu, ikawekwa darini ikatulia. Elektroni hazitulii. Zote zina chaji hasi, na chaji za aina moja hufukuzana, ukiziachilia hutawanyika. Zenye nishati kubwa huikaidi sumaku, zenye nishati ndogo hupinda upesi. Ndiyo sababu katika mashine nyingi sumaku huzizungusha nyuzi 270 badala ya 90, ili zilizoachana njiani zikutane tena kabla ya kuligonga bamba. Hiyo ni tabia ya maji mtoni, nami ningesema 'mkondo'.

Mkondo huo hauonekani kwa macho. Mwanafizikia wa hospitali huujua kwa hesabu: hujenga kielelezo chake katika kompyuta, kisha huweka tangi la maji chini ya mashine na kupima, maana mbele ya eksirei nyama ya mwili hufanana sana na maji. Hesabu na tangi zisipoafikiana, mgonjwa halazwi mezani. Na vipimo hivyo hufichua jambo ambalo 'kuchomwa' hulificha: kwa eksirei za volti milioni 6, dozi kubwa kabisa haiko juu ya ngozi bali sentimita 1.5 hivi chini yake.

Mkazi wa Kayole anaweza kuielewa mbinu inayofuata kwa kutazama taa za mulika mwizi. Mahali panapofikiwa na mwanga wa milingoti mitatu hung'aa kupita panapofikiwa na mmoja. Eksirei nazo huelekezwa kutoka pembe mbalimbali, kila pembe ikipitisha kiasi, zikutane kwenye uvimbe. Dozi yenyewe hugawanywa kwa siku, mara nyingi grei 2 hivi kila siku kwa majuma kadhaa.

Upo uvumi unaouma zaidi: kwamba aliyetibiwa hubaki na mionzi mwilini, basi atengewe kikombe na asimbebe mjukuu. Kichapuzi kikizimwa, mkondo umekwisha, kama mfereji uliofungwa. Anayetoka mle chumbani aweza kupanda matatu ya Jogoo Road na kumpakata mjukuu jioni hiyo hiyo. (Dawa zenye mionzi zinazomezwa au kudungwa ni habari nyingine, na zina masharti yake.)

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi fomu ya ridhaa anayotia sahihi mgonjwa na iandikwe na mwanafizikia na mtu wa lugha wakiwa meza moja, kisha asomewe kwa sauti bibi mmoja wa Jericho, naye aulize maswali yake yote, kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa.